Upige stesheni au makao makuu? Ulinganisho wa njia za kupata taarifa za treni

Stesheni inajua treni ilipo. Makao makuu yanajua tiketi yako. Malalamiko mengi ya abiria, kwamba wamezungushwa au wamepewa majibu yanayopingana, huanzia hapo. Mtu amemuuliza wa tiketi habari za treni, au amembana stesheni masta wa stesheni ndogo amrudishie nauli ambayo hana mamlaka ya kuigusa.

Na hata kanuni hiyo inafaa reli moja tu, ile ya zamani ya Tanzania. Ukihamia SGR, reli mpya ya umeme, jibu linageuka, TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ina yake, na Madaraka Express ya Kenya ina yake. Ndiyo maana hapa tunalinganisha reli kwa reli. Orodha ya namba za simu peke yake haimsaidii mtu aliyekaa juu ya begi lake saa 8 usiku.

Reli ya zamani (MGR): piga stesheni, lakini si ya kwako

Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ina urefu wa kilomita 1,254. Ilifika Kigoma mwaka 1914, na tawi la Tabora–Mwanza likakamilika mwaka 1928. Ni njia moja. Treni mbili zinazokutana uso kwa uso haziwezi kupishana porini. Lazima moja ingoje kwenye stesheni yenye njia ya pili. Kwa hiyo treni haitoki stesheni moja mpaka stesheni ya mbele ikubali kuipokea, na mkuu wa stesheni hiyo ya mbele anajua imetoka saa ngapi kwa sababu kujua ndiyo kazi yake. Anaandika.

Taarifa hiyo baadaye inapanda kwa waongozaji wa treni, kisha kwa kitengo cha huduma kwa wateja, kisha kwenye mitandao ya kijamii. Kila ngazi inachelewa kidogo na inapunguza kidogo. Mpokea simu wa Dar anachojua ni kwamba treni "imechelewa". Aliyeko Kaliua anajua kwamba imetoka Usinge saa 4:20 usiku, kichwa kina hitilafu, na inavuta polepole.

Kosa la kawaida ni kupiga stesheni unayopandia wewe. Kama treni bado iko mbali, hao nao wanasubiri kama wewe. Piga stesheni kubwa iliyo *nyuma* ya stesheni yako, yaani ile ambayo treni inapita kabla ya kukufikia. Uko Nguruka unangoja treni inayotoka Kigoma? Uliza Uvinza. Uko Urambo unangoja inayotoka Dar? Uliza Tabora. Uko Itigi unangoja inayokwenda bara? Uliza Dodoma au Manyoni.

Tabora inastahili maneno ya ziada, kwa kuwa ndipo treni inapogawanywa. Mabehewa ya Mwanza yanakatwa na kuchukua njia ya kaskazini, ya Kigoma yanaendelea magharibi, na ya Mpanda yanaachia njia kuu Kaliua. Kukata na kuunganisha mabehewa kunakula muda ambao hakuna aliye Dar anayeweza kukukadiria kwa uhakika. Abiria wa Shinyanga anayeuliza "treni imetoka Dar saa ngapi" ameuliza swali lisilo na faida. Aulize Tabora: "Mabehewa ya Mwanza yameshaondoka? Saa ngapi?"

Simu nzuri ni fupi. Inakuwa hivi:

— Habari za kazi, mkuu. Ni Uvinza stesheni?
— Ndiyo.
— Mimi abiria wa Nguruka. Treni ya abiria iliyotoka Kigoma leo kwenda Dar, imeshapita hapo?
— Iliyotoka leo bado. Iko Kazuramimba, inapisha mizigo.
— Hiyo ya mizigo imeshatoka kwako?
— Imetoka sasa hivi.
— Ahsante sana mkuu, kazi njema.

Sekunde arobaini, na abiria amepata vitu vitatu: treni iko wapi, inangoja nini, na kile inachongoja kiko wapi. Hakuuliza "itafika saa ngapi." Swali hilo linamlazimisha mtu wa reli kukisia, na wengi hukisia kwa huruma. Watakwambia "haikawii." Uliza imetoka wapi na saa ngapi, halafu hesabu mwenyewe.

Hesabu yenyewe ni nyepesi ukiwa na ratiba. Chukua tofauti ya muda kati ya stesheni mbili kama ilivyo kwenye ratiba, ongeza kwenye saa ambayo treni imetoka kweli. Tuseme ratiba inatoa saa mbili na nusu kutoka stesheni ya nyuma hadi kwako, na umeambiwa imetoka saa 5:10 usiku. Itegemee saa 7:40, ongeza nusu saa kwa kila treni ambayo inabidi ipishane nayo njiani. Usitegemee dereva "kufidia muda." Kwenye reli ya zamani yenye sehemu za mwendo mdogo, muda uliopotea mara nyingi umepotea, na hata huongezeka, kwa sababu treni iliyotoka nje ya ratiba inakuta njia imepangiwa wengine.

Makosa matatu yanayotokana na Kiswahili chenyewe

La kwanza ni saa. Tiketi iliyochapishwa 08:00 ni saa 2 asubuhi, lakini wapo wanaoisoma saa 8 na kutokea mchana. Kwenye simu taja sehemu ya siku kila mara: asubuhi, mchana, jioni, usiku, alfajiri. TRC, yaani Shirika la Reli Tanzania, huwataka abiria wa SGR wafike masaa mawili kabla ya treni kuondoka, na hata agizo hilo limeshawahi kusikika vibaya na watu kama "saa mbili."

La pili ni usiku wa siku gani. Kwa wengi wetu usiku ni wa siku inayokuja, kwa hiyo "usiku wa Jumamosi" kwa mmoja ni Ijumaa baada ya jua kuzama na kwa mwingine ni Jumamosi yenyewe. Kompyuta ya tiketi haina mjadala huo: siku inabadilika saa 6 usiku. Treni inayopita kwako saa 8 usiku yenye tarehe 14 inapita usiku wa *kuamkia* tarehe 14, si usiku unaofuata mchana wa tarehe 14. Anayekosea hapa anafika stesheni saa 24 kamili baada ya treni kupita, na tiketi mkononi. Sema "usiku wa kuamkia Jumamosi" na umwache anayekujibu arudie.

La tatu linauma zaidi kwa sababu hutokea siku mbaya tayari: treni ya jana na ya leo. Treni ikichelewa sana, inakuwa njiani pamoja na nyingine inayofuata. Ukiuliza "treni ya Dar imefika?" unajibiwa ndiyo, unakimbia, unakuta ni ile ya jana na kiti chako kiko kwenye ya leo. Taja tarehe ambayo treni ilianza safari na aina yake, kama ni ya kawaida au ya deluxe.

Namba ya stesheni inapatikanaje

Stesheni kubwa kama Dodoma, Tabora, Mwanza na Kigoma zina ofisi zenye watu wa kupokea simu. Kwenye stesheni ndogo "namba ya stesheni" mara nyingi ni simu ya mkononi inayoshikwa na aliye zamu, au ni ya mtumishi binafsi. Njia ya uhakika ni kuiomba dirishani siku unayokata tiketi, na kuuliza wazi: "Hii ni ya ofisi au ni ya kwako?" Kama ni ya mtu, itumie kwa safari hiyo moja tu na usiisambaze kwenye magrupu ya WhatsApp. Mtumishi akihamishwa stesheni, namba inahama naye, na abiria wa mwaka ujao wanampigia mtu aliye Mruazi wakidhani yuko Malongwe.

Simu isipopokewa, usidhani umepuuzwa. Treni ikiwa jukwaani, mkuu wa stesheni anasimamia mizigo, abiria na ruhusa ya kuondoka kwa wakati mmoja. Zamu zinapobadilishana vilevile. Jaribu tena baada ya nusu saa. Ukipiga mara kumi mfululizo, unachelewesha ile ile treni unayoiulizia.

Pale stesheni ya MGR isipofaa

Usiiulize kama treni ya kesho itafutwa. Kipande cha Kilosa–Gulwe, kinachofuata bonde la Mto Mkondoa, kina historia ndefu ya kusombwa na maji. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalivunja njia vibaya mpaka huduma ya abiria ikasimama. Msimu wa mvua stesheni ya Kilosa itakwambia kwa usahihi maji yamefika wapi. Lakini uamuzi wa kusitisha safari, kuanzisha treni kutoka Dodoma badala ya Dar, au kuwavusha abiria kwa mabasi, unatoka makao makuu. Kwa maswali hayo namba ya bure ya TRC inayoanza na 0800 na matangazo ya kurasa rasmi za shirika yana uzito kuliko neno la mtu wa jukwaani.

Vivyo hivyo kurudishiwa nauli, kubadilisha tarehe na idadi ya vitanda vilivyobaki daraja la pili la kulala. Stesheni ndogo huona sehemu tu ya nafasi. Ikikwambia "zimejaa," inawezekana zimejaa kwake.

SGR ya Tanzania: hapa mambo yanageuka

Treni za abiria za SGR zilianza Dar es Salaam–Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na Dodoma zikafika tarehe 25 Julai mwaka huohuo. Zinatumia umeme na zimejengewa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa. Uongozaji wake uko kwenye kituo kikuu kinachowasiliana na treni kwa redio. Hakuna mtu wa Ngerengere anayempigia wa Morogoro kuomba njia. Kwa hiyo ile faida ya kumuuliza mwenye rejista haipo. Mtu wa mapokezi anasoma kilekile kilichotumwa kwenye skrini, na wakati mwingine wewe uliye kwenye ukurasa wa shirika umekisoma kabla yake.

Ucheleweshaji wake pia una sababu tofauti. Kwenye MGR unauliza habari za kupishana, vichwa na maji. Hapa unauliza umeme. Wiki za mwanzo kabisa TRC lenyewe lilieleza kwamba ngedere na bundi walihusika kwenye hitilafu ya umeme kati ya Kilosa na Dodoma, na mitandao ikacheka wiki nzima. Ila jambo lenyewe lina somo la kiufundi: umeme ukikatika, stesheni haijui utarudi lini. Anajua mafundi na kituo cha uongozaji. Ukipiga stesheni ya Morogoro unapata pole tu.

Kwa SGR, basi, muda na hali ya safari vitafute kwenye matangazo rasmi na huduma kwa wateja. Stesheni ya SGR ina kazi nyingine, na kwa kazi hizo hakuna mbadala wake:

- Mzee, mgonjwa au mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Piga au fika siku moja kabla, eleza namba ya behewa, na uliza aingilie mlango gani.
- Mzigo uliosahaulika. Toa namba ya treni, behewa na kiti, na useme umeshukia wapi. Mzigo huendelea hadi mwisho wa safari, kwa hiyo uliza stesheni ya mwisho, siyo uliyoshukia.
- Jina lililoandikwa vibaya kwenye tiketi. Lirekebishe kabla ya siku ya safari. Getini, mbele ya foleni, hakuna anayetaka kusikia habari za herufi.
- Treni gani inasimama wapi. Zipo za haraka na za kawaida, na ile ya haraka haina habari na Soga, Ruvu wala Gulwe. Abiria wa vituo vidogo wahakikishe kabla ya kulipa.

Malipo yenyewe yanakwenda hivi. Ukikata kwenye sgrticket.trc.co.tz unapewa namba ya malipo ya serikali, tarakimu 12 zinazoanza na 99. Unalipa kwenye simu kupitia menyu ya Malipo ya Serikali. Namba hiyo ina muda. Ukipita, nafasi inaachiliwa. Kinachoharibika mara nyingi ni pesa kukatwa huku ujumbe wa tiketi haujaingia, na mtu kwa hofu anakata nyingine. Usikate. Hifadhi ujumbe wa muamala na ile namba ya 99, na uanze na huduma kwa wateja. Stesheni iwe ya pili. Ujumbe huo na namba hiyo ndivyo vitu vya kwanza utakavyoulizwa, na bila hivyo mazungumzo hayaendi popote.

Hapohapo ndipo ulipo mtego wa matapeli. Mtu anayejiita "wa stesheni" akikutaka utume nauli kwenye namba yake ya simu, hata kama anajua jina lako na siku ya safari, kata simu. Nauli ya reli ya serikali haipiti kwenye M-Pesa ya mtu. Ujue pia bei kabla ya kupiga: mwaka 2024 zilitangazwa shilingi 13,000 Dar–Morogoro na 31,000 Dar–Dodoma kwa daraja la kawaida la treni ya kawaida, watoto wa miaka 4 hadi 12 nusu. Zikibadilika, anayetangaza ni LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini, si dalali wa getini.

"Stesheni" ya Dar ni zipi?

Kabla hujapiga popote, hakikisha unapiga reli sahihi. Ukimwambia bodaboda wa Dar "nipeleke Stesheni," atakushusha katikati ya jiji, kwenye SGR. TAZARA iko Barabara ya Nyerere, pale kwenye Daraja la Mfugale, na ni shirika lingine kabisa lenye tiketi zake. Treni za MGR nazo zina jengo lake. Morogoro SGR iko upande wa Kihonda, mbali na stesheni ya zamani. Kila wiki kuna anayekosa treni akiwa mjini tangu alfajiri, kwa kuwa alifika stesheni isiyo yake. Swali la kwanza kwenye simu yoyote ya Dar au Morogoro liwe "naipanda jengo gani?"

Treni ya mjini ya Dar, ambayo wengi bado wanaiita ya Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, tangu ilipoanza mwaka 2012, haihitaji simu. Nenda jukwaani, waulize wanaoipanda kila siku.

TAZARA: piga mara mbili

TAZARA inakwenda kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, Zambia. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975 na ni mali ya nchi mbili, kwa hiyo namba za TRC hazina msaada wowote kwake. Kuna ofisi ya mkoa wa Tanzania Dar es Salaam na ya Zambia iko Mpika. Uliza ile ya upande unaoanzia.

Safari zake za kimataifa ni chache kwa wiki. Ukikosa moja unangoja siku kadhaa, ndiyo maana tunashauri simu mbili. Ya kwanza siku ya kukata tiketi. Ya pili siku moja kabla, na swali lake ni hili: "Treni iliyotoka Kapiri Mposhi imeshafika?" Mara nyingi mabehewa yatakayokupeleka ni yaleyale yanayorudi; kama yale bado yako Makambako, tangazo la saa ya kuondoka kesho ni la kukutuliza tu. Abiria wa Mbeya afanye vivyo hivyo kwa kupiga Makambako, na akumbuke kwamba stesheni yake iko Iyunga, si mjini kati.

Halafu kuna mpaka. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukiambiwa treni inapita Nakonde saa 3 usiku, Tunduma kwa wakati huo ni saa 4 usiku. Uliza kila mara: "Hiyo ni saa ya Tanzania au ya Zambia?" Wafanyakazi wa TAZARA wamelizoea swali hili na hawalioni la kijinga.

Kwa bonde la Kilombero hali ni nyingine. Treni ya Udzungwa ya wenyeji kati ya Kidatu na Makambako inahudumia watu ambao barabara zao huzama masika, na hapo stesheni ya Ifakara au Mlimba ndiyo chanzo pekee cha maana. Kwa treni hiyo Dar hawajui zaidi ya ratiba.

Madaraka Express, Kenya: acha simu, tumia *639#

Huduma hii ya Mombasa–Nairobi ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017. Hapa kupiga stesheni kuuliza nafasi ni kupoteza salio. Nafasi, nauli na malipo viko kwenye *639# au kwenye tovuti ya tiketi ya Kenya Railways, na unalipa kwa M-Pesa papo hapo. Nauli tangu Januari 2024 kwa safari nzima ni shilingi 1,500 za Kenya daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Wikendi ndefu na Desemba tiketi huisha siku nyingi mapema, na hakuna mkuu wa kituo atakayekufichia moja.

Yanayostahili kuulizwa kituoni ni machache. Kwanza, treni ipi inasimama. Ya Inter-County ya asubuhi ndiyo inayogusa Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Za haraka hazifanyi hivyo kote. Hili linawahusu sana watu wa Moshi na Taveta wanaoshukia Voi kuunganisha gari. Pili, ukaguzi: mabegi hupangwa chini na kunuswa na mbwa, na unapitia milango zaidi ya mmoja, kwa hiyo kufika dakika za mwisho ni kuachwa. Tatu, kitambulisho. Jina kwenye tiketi lilingane na kitambulisho au pasipoti. Mtanzania aliyekata kwa namba ya kitambulisho cha binamu yake wa Likoni atakwama getini.

Vituo vya mwisho viko nje ya miji, Miritini kwa Mombasa na Syokimau kwa Nairobi. Treni ya kuunganisha kati ya Syokimau na stesheni kuu ya Nairobi ipo, na hiyo ndiyo inafaa kuulizwa siku hiyohiyo, hasa kwa wanaofika usiku.

Kwa kifupi, ubavu kwa ubavu

| Unachotaka kujua | MGR | SGR Tanzania | TAZARA | Madaraka |
|---|---|---|---|---|
| Treni iko wapi sasa | Stesheni ya nyuma | Kurasa rasmi, 0800 | Stesheni kubwa ya nyuma | Huduma kwa wateja |
| Nafasi na nauli | Makao makuu | Tovuti | Ofisi ya upande wako | *639# |
| Safari imefutwa? | Makao makuu | Makao makuu | Ofisi ya mkoa | Kurasa rasmi |
| Mzigo uliopotea | Stesheni ya mwisho | Stesheni ya mwisho | Stesheni ya mwisho | Kituo cha mwisho |
| Pesa kukatwa bila tiketi | Makao makuu | 0800, ukiwa na namba ya 99 | Ulipokatia | Huduma kwa wateja |

Walio nje ya nchi, Muscat, London au kwingineko, wajue kwamba namba za 0800 ni za kupigia ukiwa ndani ya nchi; kwa kawaida ukiwa ng'ambo haziiti. Tumia namba ya kawaida ya ofisi, weka +255 na uondoe sifuri ya mwanzo, au mtume ndugu aliye karibu na stesheni. Kumtuma ndugu dirishani bado kunashinda barua pepe.

Ukiwa na malalamiko, kama umeachwa na treni iliyoondoka kabla ya saa yake au nauli haijarudi, anza kwa maandishi kwenye shirika, ukitaja namba ya tiketi, tarehe, treni, behewa na stesheni. Kwa TRC, hatua inayofuata ni LATRA, na lipo pia Baraza la Ushauri la watumiaji wa huduma za usafiri ardhini kwa ajili ya kusikiliza abiria. "Nilipiga simu wakasema" bila tarehe wala saa haitakufikisha mbali. Kila unapopiga, andika saa ya simu na stesheni uliyopiga.

Wanaoingia Kigoma kwa boti kutoka Uvira, Kalemie au Bujumbura wana hesabu yao. Kulala Kigoma kusubiri treni ni gharama, na boti nayo haingoji. Kabla ya kuvuka, stesheni ya Kigoma iulizwe jambo moja: treni inayotoka Dar, ambayo mabehewa yake ndiyo yatakayogeuka, imeshapita Tabora? Ikiwa bado, na siku ya kuondoka ni kesho, lala kwako upande wa pili wa ziwa.